Mpishi wa Nzi

Mimi ni mpishi wa nzi.
Chekeni, kisha mnisikilize.
Miaka ishirini na sita, jengo la baiolojia, Szeged,
ghorofa ya chini, karibu na mabomba,
nakoroga uji wa mahindi, hamira na molasi
katika sufuria linalonifika kiunoni,
naumimina vichupani ungali moto,
elfu mbili kwa wiki, kila kimoja na kizibo chake cha pamba.
Wageni wangu hawajawahi kusema ahsante.
Wanakula, wanataga,
siku kumi, na watoto wao wako mezani.

Ghorofa ya tatu ndiko wanakosomwa.
Sikuwahi kupanda kutazama.
Hadi Alhamisi moja ya Februari,
mto Tisza umeganda kingoni,
Kincső aliponishika mkono wenye unga:
"Shangazi Etelka, njoo uwaone unaowalisha."

Akawapulizia hewa ya usingizi.
Wakalala chali kwenye kisahani cheupe.
Akamgeuza mmoja kwa ncha ya brashi
nami nikainamia darubini.

Mguu.
Mguu mzima, wenye goti, wenye ukucha,
umeota usoni, pale pa papasi.

Nikauliza, umepotea?
"Haujapotea," akasema. "Umefika salama,
kila kifundo mahali pake.
Kilichokosewa ni anwani."
Jeni moja tu.
Jeni, si jini: haipungwi, haitaki ubani,
herufi chache zimeteleza
na mwili ukatii, kama mwili unavyotii siku zote.

Majina yao yalinishangaza.
Jeni inayojenga jicho huitwa Bila Macho,
kwa kuwa waliijua siku ilipoharibika.
Inayolitia jicho wekundu huitwa Nyeupe.
Nikacheka, kisha nikanyamaza.
Mimi nami nilijua kuwa ni Lőrinc
aliyekuwa akiwasha jiko kabla sijaamka
asubuhi niliyolikuta la baridi.

Akanionyesha bawa.
Vinyweleo vyote vimelala upande mmoja, kuelekea ncha,
kama kichwa cha mtoto kilichochanwa kwenda shule.
Ila kipande kimoja vimezunguka
kama maji yanayoingia tundu la sinki.
"Hapa ndipo palipo na kosa," akasema. "Lakini tazama kando."
Kando, seli zisizo na kosa lolote
nazo zimegeuka.
Zilimuuliza jirani njia.

Na bawa jingine, kabla halijawa bawa:
kijisahani laini alichokichomoa tumboni mwa funza
kwa koleo mbili nyembamba kama kope.
Humo mna seli za kijani na seli nyeusi.
Nyeusi zina kasoro ndogo, zinakua polepole.
Zingekuwa peke yao zingechelewa tu,
bawa lingetimia.
Lakini zimepakana na zenye kasi,
na wenye kasi huzibana, huzibana,
mpaka zinajizima zenyewe.
"Bawa hutoka zima," Kincső akasema. "Huwezi kujua."
Halina kovu. Halina tanzia.

Alisema ni jambo zuri, tishu hujisafisha.
Sikubishana na msomi.
Nililitazama bawa lile zima, linang'aa,
nikalichukia kidogo.

Nikashuka. Uji ulikuwa umeshika chini,
nikaukwangua, nikaanza upya.

Wako nzi ambao kasoro hiyo wanayo mwili mzima.
Huitwa Kidogo, kwa ajili ya nywele zao fupi.
Hutoka gandani siku mbili tatu baada ya wenzao,
na mara nyingi chakula kimeshakauka, kimepasuka
kama udongo wa kiangazi.
Vichupa vyao vina alama ya kalamu ya buluu.

Hakuna aliyeniagiza, wala haimo daftarini:
vya buluu
navijaza kidole kimoja zaidi.